Nilikata Vibao vya Mavuno Kumkomoa Mzee Singano

Nimekosa, wala sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikaa nikafikiri, nikatafuta msumeno, nikakosa nikiwa na akili zangu timamu. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanionea huruma akiwa njiani, halafu akajuta kunipa huruma yake.

Mimi ni karani. Nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali huku milimani kwetu Usambara, na jina langu namwomba Mhariri asilichapishe. Kazi yangu ni kuchora. Mazao yanayovunwa na bei za sokoni, vyote huletwa mezani kwangu vikiwa nambari tupu, nami huvigeuza kuwa picha ili mtu aone kwa macho kile ambacho asingekisoma. Nguzo ndefu ni mavuno mengi, nguzo fupi ni njaa. Naijua kazi hii, na nilikuwa najivuna kwayo kuliko ilivyofaa.

Sasa nikueleze kilichonitia kichaa.

Mwaka wa kwanza wa kazi, Bwana Shamba, Mzungu wetu, alinichukua hadi kwenye baraza moja karibu na Soni nikawaonyeshe wakulima picha ya mavuno yao. Ilikuwa karatasi kubwa, nimeipaka rangi kwa siku nne. Nguzo sita za kijani, kila mwaka nguzo yake, na kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Ardhi inachoka, ndilo neno nililokwenda kulisema. Nilivaa shati jeupe na tai. Mama yangu alikuwa amekaa mbele na wanawake wenzake, maana hapo ndipo kwetu.

Kabla sijamaliza, akasimama mzee mmoja. Nitamwita Mzee Singano, si jina lake. Ana mashamba mengi, ana maneno mengi zaidi, na hakuna kikao anachotoka bila watu kucheka.

"Mwanangu," akasema, "hiyo karatasi umeishika vibaya."

Nikamwambia nimeishika sawa. Akaja mbele, akaichukua mikononi mwangu taratibu, akaigeuza juu chini. Nguzo zangu zikawa zinaning'inia kutoka juu kwenda chini.

"Haya, sasa tazameni. Hii ni mihogo. Na kadiri unavyokwenda kulia inarefuka. Bwana Shamba, asante kwa habari njema, tumeshiba."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Jumbe alicheka. Bwana Shamba, alipotafsiriwa, alicheka kuliko wote. Nikamtazama mama, naye alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina. Nikipita soko la Soni, wauza viazi wanaitana, "Bwana Geuza huyo anapita." Nikienda msikitini, mtu ananigeuzia kiatu changu mlangoni, halafu anajifanya hajui. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa watu wa Lushoto, na shangazi wa binti akauliza kama ndiye yule karani wa mihogo. Posa haikuvunjika kwa sababu hiyo peke yake, lakini mimi niliamua imevunjika kwa sababu hiyo. Nilihitaji mtu wa kumchukia, na mtu huyo nilikuwa naye tayari.

Nilimchukia Mzee Singano kwa bidii. Nilikuwa nikiamka naye. Nikinyoa ndevu, namfikiria. Nilijua siku yake itafika, na nilitaka ifikie mezani kwangu.

Ikafika baada ya miaka mitatu.

Karatasi ilikuwa imeniaibisha, kwa hiyo niliacha karatasi. Nikatengeneza kitu ambacho hakuna mzee angeweza kukigeuza. Ulikuwa ubao mkubwa wa kusimama, wenye mifereji mitano, kila mteremko mfereji wake. Ndani ya kila mfereji kunasimama kibao cha rangi, na urefu wa kibao ni mavuno ya mteremko ule. Na uzuri wake ni huu, mkulima mwenyewe aliweza kukichomoa kibao chake, akakishika, akakisimamisha ubavuni mwa kibao cha jirani, akaona. Hakuhitaji kusoma. Wazee waliokuja ofisini walikuwa wanauchezea kama bao. Vibao vilianzia chini sakafuni, na virefu vilimfika mtu kiunoni. Hata Mzee Singano alikuja siku moja, akachomoa kibao chake, akajipima nacho, akasema, "Huyu sasa amepata akili." Watu wangesema hilo ni neno zuri. Mimi nilisikia "sasa" peke yake.

Mwaka uliofuata likaja agizo kwamba mteremko mmoja katika ile mitano lazima upumzishwe. Maana yake ufungwe, usilimwe, upandwe miti, kwa muda ambao hakuna aliyeutaja. Bwana Shamba akaniambia nilete ubao kwenye baraza, watu waone wenyewe ni mteremko gani umechoka zaidi, wasiseme serikali imeonea mtu.

Nikaenda kuangalia nambari. Mteremko wa Mzee Singano ndio uliokuwa wa chini kabisa. Lakini wa chini kwa kiasi gani? Kwa kidogo sana. Ukivisimamisha vibao vyote vitano pamoja, chake kilipungua kwa upana wa kiganja tu. Bwana Shamba angeviona vitano vimekaribiana, angekuna kichwa, angesema tungoje mwaka mwingine. Nilimjua, hakuwa mtu wa haraka.

Jumamosi mchana ofisi ikawa tupu. Nikavilaza vibao vyote vitano sakafuni, nikavipanga miguu sawa, nikapiga mstari mmoja kwa rula. Nikakata. Kila kibao nilikikata kipande kilekile, urefu uleule, kutoka chini. Sikumwonea mtu hata kwa unywele. Halafu nikaukata na ubao wenyewe ulingane.

Unaona nilichofanya? Nambari hazikuguswa. Lakini vile vibao vinne vilivyobaki vilikuwa na urefu wa kama vidole saba, na cha Mzee Singano kilikuwa vidole vitatu. Mteremko wake ulionekana umekufa.

Nilicheka peke yangu, vumbi la mbao likanipalia. Vipande vya chini nikavichoma katika jiko la chai la ofisi. Jumatatu nikamwambia Bwana Shamba kwamba ubao wa zamani haukuingia kwenye gari, nimeupunguza. Akasema vizuri. Nambari kamili niliziandika pembeni, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Alizitazama kama mtu anavyotazama saa iliyosimama, akarudisha macho kwenye vibao.

Barazani hakuna aliyehitaji maelezo. Bwana Shamba alinyoosha fimbo yake hadi kwenye kile kijibao cha vidole vitatu, na watu wakaguna. Hata waliomwonea huruma Mzee Singano walikuwa wanashukuru Mungu si wao. Ikaamuliwa pale pale.

Mzee Singano akaja mbele. Safari hii hakuwa na maneno. Akakichomoa kibao chake, akakilaza kwenye kiganja, akakitazama. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubao.

"Chini ya hapa kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mzee."

Huo ndio uongo niliousema kwa mdomo. Mmoja tu. Na kwa kuwa watu walikuwa wananyamaza na mimi nilikuwa nimengoja miaka mitatu, nikaongeza, kwa heshima ya kejeli ya Kisambaa, "Kigeuze basi, mghosi. Labda kitarefuka."

Walicheka, safari hii upande wangu. Niseme kweli, sijawahi kula kitu kitamu kama kicheko kile. Nilirudi Lushoto nimeketi nyuma ya gari na ubao wangu magotini, naimba.

Utamu ule ulidumu majuma matatu.

Huku kwetu shamba halikai mahali pamoja. Mtu ana kipande mlimani, kipande bondeni, na wengine wana kipande hata chini nyikani. Na mwenye vipande vingi humwazima asiye nacho. Haiandikwi, na haizungumzwi mbele ya watoto, maana ni aibu kumfanya mtu akue akijua anakula kwenye ardhi ya kuazima. Aliyeazimwa anajua, aliyeazima anajua, basi. Kila msimu mwenye ardhi anapelekewa kikapu cha mavuno ya kwanza kuonyesha kwamba hajasahauliwa. Na siku mwenyewe akipungukiwa, anakuja kulichukua shamba lake, na hakuna wa kumlaumu.

Mama yangu ana kitivo, lile shamba la bondeni lenye maji, ambalo nimelijua tangu nabebwa mgongoni. Maharage ya mle ndiyo yaliyonisomesha. Kila msimu nilimwona mama akijitwika kikapu cha maharage mapya kwenda nyumbani kwa Mzee Singano. Nilidhani ni ujirani. Mimi niliyehesabu mezani kwangu vikapu vya milima yote, kile cha mama sikuwahi kuuliza kinakwenda kwa nini.

Nilikuwa nyumbani siku aliyokuja. Mama akampa kiti, nami nikamwamkia, "Shikamoo," kwa sababu mama alikuwa ananitazama.

"Marahaba." Akamgeukia mama, akamsalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, mama. Nimekuja na neno zito."

"Sema, baba."

"Kule juu wamenifunga, na mashamba yangu karibu yote yako kule. Miche inakuja mwezi huu. Nina wajukuu tisa kwenye chungu kimoja. Lile bonde nililompa marehemu mume wako, nalihitaji."

Mimi ndiye niliyeruka. Nikauliza bonde gani, amepewa nani, lini. Mama akaniambia nikae chini, bila kupandisha sauti.

"Ardhi ni yako, baba," akamwambia. "Umetulisha miaka mingi. Maharage yaliyomo yamebakiza kukauka."

"Vuna. Sitagusa hadi umalize."

Nilimsindikiza mpaka njiani, kwa sababu ni desturi na kwa sababu nilitaka kumpiga. Tulipofika kwenye migomba akasimama.

"Mwaka jana ofisini kwako nilijipima na kibao changu," akasema. "Kilinifika hapa." Akagusa mkanda wa suruali. "Kile cha barazani kimekatwa miguu. Nikikosea nisahihishe."

Sikumsahihisha.

"Simama barazani useme chini ya pale palikuwa na nini. Wakinifungulia kule juu, mama yako harudishi hata jembe nyumbani. Mimi sina haja na bonde lake."

Yaani alinipa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na miche ilikuwa bado haijafika. Nilichosikia mimi ni kwamba anataka kunisimamisha tena mbele ya watu, wacheke tena. Nikamwambia ardhi ni yake achukue, sisi si ombaomba, mimi nina mshahara. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Mshahara! Nilimletea mama gunia la unga kutoka dukani. Akalipokea, akashukuru, akaliweka pembeni. Baada ya siku mbili nikamkuta anafunga jembe na chungu katika mkeka.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyikani. Wanawake wa huku wanakwenda kulima chini ya Mombo, kuna mapori."

"Na unga?"

"Unga wa dukani ni wa wagonjwa. Mimi ni mgonjwa?"

Nilimsihi. Watu wa milimani hawaizoei nyika, kila mtu anajua. Mbu wa kule hawana utani na damu ya baridi. Akasema yeye hakuzaliwa kulishwa, na kwamba kosa si langu, kosa ni la yule mzee asiye na haya. "Kanitoa shambani mwaka ambao mwanangu ndiyo kwanza ameheshimika." Hayo ndiyo maneno yake. Nikabeba mzigo wake hadi kwenye basi.

Alikaa nyikani msimu mmoja na nusu. Walimrudisha wamemlaza kiti cha nyuma cha basi, na kutoka barabarani wakampandisha kwa machela. Homa ilikuwa imemshika hata hakunijua. Kwinini ilimtoa kwenye homa, lakini miguu haikurudi. Mwanamke aliyekuwa akipanda milima na mzigo kichwani huku anasimulia hadithi, sasa alikuwa anashika ukuta kwenda uani.

Mzee Singano akaja kumjulia hali, na mkungu wa ndizi begani, mzee wa umri ule. Mama aligeuka ukutani.

"Mwambie aondoke na ndizi zake," akasema kwa Kisambaa, kwa sauti ya kusikika. "Kaninyang'anya shamba, sasa anakuja kutazama kama nimekufa."

Yule mzee alinitazama mimi. Alisimama pale na mkungu wake, akaningoja niseme. Angeweza kusema yeye, neno moja tu lingetosha. Hakusema. Na mimi nikatazama miguu ya kitanda hadi alipotoka.

Hapo ndipo nilipoona ananizidi. Hata kulipiza kisasi alikuwa ananizidi, maana chake kilikuwa kunyamaza na kuniacha na mama yangu. Nilimchukia zaidi siku ile kuliko siku ya mihogo.

Nilivumilia majuma mawili. Halafu nikaenda kwa Bwana Shamba, nikafunga mlango, nikamweleza kila kitu, vibao, msumeno, jiko la chai. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa natamani kufukuzwa.

Akauliza, "Nambari ulizoandika pembeni zilikuwa sahihi?"

"Sahihi, Bwana."

"Na ule ndio uliokuwa wa mwisho?"

"Ndio, Bwana. Lakini kwa kidogo."

"Basi sioni tatizo. Miti imeshapandwa." Akarudi kwenye karatasi zake. Kisha akasema ule ubao mdogo ulisomeka vizuri zaidi, na nitengeneze mingine ya namna ile kwa ajili ya kahawa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Nilikwenda kutafuta adhabu, nikapewa kazi.

Jioni ile nikamwambia mama. Nilikaa sakafuni, nikamweleza kama ninavyowaeleza, na nilimchorea kwa kijiti kwenye vumbi, vibao vitano virefu, halafu nikafuta chini. Alielewa mara moja. Hajasoma hata darasa moja, lakini alielewa haraka kuliko Bwana Shamba.

"Kwa hiyo yule baba aliniletea ndizi," akasema, "nikamtukana."

Asubuhi akaniamuru nimpeleke. Nilimbeba mgongoni, maana njia ya kwa Mzee Singano ni mteremko mtupu. Tulipita juu ya kile kitivo. Wajukuu zake walikuwa wanapalilia, na maharage yalikuwa mazuri, sikutaka kuyaona. Tulipofika akasema nimshushe. Nikamshusha. Akakataa kiti. Akashika mguu wa kiti cha yule mzee, akajishusha taratibu kwa ile miguu isiyotaka, hadi magoti yakagusa chini, mbele ya wakwe na wajukuu wote wa mzee huyo.

"Baba, nisamehe kwa maneno yangu. Na huyu ni mtoto wangu. Nilimlea mwenyewe, kwa maharage yako."

Mzee Singano alilia. Alijaribu kumwinua mama, akashindwa, akaniita nisaidie. Alisema amesamehe, akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. Bonde hakuweza kulirudisha, asingekuwa na mahali pa kulima chakula cha wale wajukuu tisa.

Na sasa nasema jambo lililonileta hapa, ambalo sikumwambia yeye, wala mama, wala shehe. Nilipomwona mama yangu amepiga magoti chini ya mtu yule, sikujuta. Nilitamani nipate msumeno mwingine. Nilisimama pale, mkono wangu umeshika kwapa la mama, na moyo wangu unatafuta ni kitu gani bado anacho, yule mzee, ambacho ningeweza kukikata. Majuto yalikuja baadaye, njiani, mama akiwa mgongoni, mwepesi kupita kiasi.

Wewe unayeandikia watu mambo yao, karani, mwalimu, jumbe, yeyote uliyekabidhiwa kalamu na wenzako hawana, nakuonya. Kuna siku utaletewa jina la mtu unayemchukia, na kila kitu mkononi mwako kitakuwa halali, na hakuna mkubwa atakayekukamata. Siku hiyo mpe mwenzako kalamu, useme unaumwa kichwa. Mimi sikuumwa kichwa.

Mama yuko hai. Anakula unga wa dukani. Huwa nampelekea kila Jumamosi, na nikibisha hodi husikia akimwambia jirani, "Fungua, ni Bwana Karani." Hajaniita mwanangu tangu siku ile.